Koloidi ya fedha: chunga joto, si saa peke yake
Koloidi ya fedha ni maji yenye chembe ndogo mno za madini ya fedha, na nyumbani hutengenezwa kwa kupitisha umeme majini kati ya vipande viwili vya fedha. Wengi wanaoitengeneza huangalia saa tu, joto wakalisahau. Maji yakipanda nyuzi moja ya Selsiasi, uwezo wake wa kupitisha umeme huongezeka kwa takriban asilimia 2. Kwa hiyo ukianza na maji ya nyuzi 20 leo na ya 35 kesho, dakika zilezile hazitakupa kiasi kilekile cha fedha. Mkondo wa umeme ukizidi, chembe za fedha hugandana na maji yakawa ya kijivu. Chagua joto moja, liandike, kisha tuliza glasi yako ndani ya beseni la maji ya joto hilohilo. Kipimo cha upitishaji umeme kisome maji yakiwa nyuzi 25. Ya moto yatakudanganya.

Ila nakusihi, usiyanywe. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitamka kuwa dawa za aina hii zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na uwezo wa kutibu. Fedha hujikusanya mwilini, ikaigeuza ngozi kijivu-buluu, na rangi hiyo kwa kawaida haitoki tena.