Mtoto anatumia tableti shuleni? Mzazi fanya hivi

Kwanza muulize mwalimu wanatumia programu gani na wanaifanyia nini, maana wazazi wengi tunajua tu "wanasoma kwa tableti" basi. Ukishajua, keti na mtoto akuonyeshe yeye, wewe usishike kitu. Kama ni ScratchJr (programu ya watoto wa miaka 5 hadi 7, wanapanga bloku za maagizo ili paka wa kwenye skrini atembee au aruke), muulize huyu paka umemfanyaje akaruka? Akianza kukueleza nimeweka bloku hii halafu hii, ujue hapo anajifunza kweli, ila kama anabonyeza bonyeza tu hadi kitu kilie, mwambie ajaribu tena polepole, na usimfanyie wewe, yaani hapo ndo tunaharibu.

Paswedi andika kwenye daftari lako, chaji usiku, na tableti isilale chumbani kwake.

Kwenye YouTube, zima ile ya video kujicheza yenyewe, la sivyo anaanza na hesabu, ukigeuka yuko kwenye katuni. Na kama nyumbani bando ni shida mwambie mwalimu mapema, kazi nyingine zinaweza kudaunilodiwa hukohuko shuleni au zikafanywa kwa karatasi.