Namna ya kutafuta takwimu za uchumi, makazi na watu mtandaoni kwa ajili ya utafiti

Watafiti wengi wanaoanza huandika "idadi ya watu" na jina la nchi mtandaoni, kisha huchukua namba ya kwanza inayojitokeza. Mara nyingi namba hiyo haitaji chanzo chake, wala haielezi ni nini hasa kilichohesabiwa. Katika utafiti, namba isiyo na maelezo haifai, na hatua zifuatazo zinalenga kupata namba na maelezo yake kwa pamoja.

Hatua ya kwanza: kabla ya kufungua tovuti yoyote, andika swali lako ukitaja unapima nini, katika eneo gani, kwa kipindi gani, na kinachohesabiwa ni kitu gani. Hilo la mwisho husahaulika sana, hasa katika takwimu za makazi, kwa sababu jengo, nyumba na kaya ni vitu vitatu tofauti: jengo moja laweza kuwa na nyumba kumi, na nyumba moja ikakaliwa na kaya mbili. Idadi ya watu nayo ina mtego wake. Sensa nyingine huwahesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na nyingine huwahesabu mahali wanapoishi kwa kawaida, hivyo mji wenye wafanyakazi wengi wa msimu unaweza kuwa na idadi mbili zinazotofautiana, zote zikiwa sahihi.

Hatua ya pili ni kumfuata mzalishaji wa takwimu. Ukitafuta habari za wilaya au mji, anzia kwenye ofisi ya taifa ya takwimu ya nchi husika, kwa kuwa hata mashirika ya kimataifa hutegemea sana takwimu za huko. Ukilinganisha nchi na nchi, tumia Benki ya Dunia, ambayo ilifungua hazina yake ya takwimu kwa umma bila malipo mwaka 2010. Kwa idadi ya watu tumia Umoja wa Mataifa, na kwa ajira tumia ILOSTAT, hazina ya takwimu ya Shirika la Kazi Duniani (ILO). Rekodi za sensa za mtu mmoja mmoja, zilizoondolewa majina, hupatikana IPUMS, hazina ya takwimu za sensa na tafiti iliyo katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, lakini za kimataifa huombwa kwa kujisajili na kueleza utafiti wako.

Hatua ya tatu ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi: soma ufafanuzi wa kiashiria, yaani kipimo unachokitafuta, kabla ya kupakua. Chukua mfano wa Pato la Taifa katika hazina ya Benki ya Dunia. Msimbo NY.GDP.MKTP.CD hutoa pato kwa dola za Marekani kwa bei za mwaka husika, ilhali NY.GDP.MKTP.KD hulitoa kwa bei za mwaka wa kizio, yaani mwaka mmoja uliochaguliwa ili bei zake zitumike kwa miaka yote. Herufi moja tu ndiyo inayovitenganisha, lakini anayetaka kupima ukuaji halisi akichukua ule wa kwanza atakuwa amepima pia mfumuko wa bei na mabadiliko ya thamani ya sarafu.

Tazama pia toleo. Niliwahi kuunganisha matoleo mawili ya makadirio ya idadi ya watu, na mstari wa grafu ukaruka ghafla pale yalipokutana. Hakuna watu walioongezeka, ila hesabu za nyuma zilikuwa zimefanywa upya. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2024, kwa mfano, yalirekebisha mfululizo wote kuanzia 1950, kwa hiyo usiyachanganye na yale ya 2022.

Mwisho, pakua faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi ya kawaida), lihifadhi lilivyo, na ufanye kazi kwenye nakala. Kando yake andika jina kamili la jedwali, msimbo, toleo, anwani ya ukurasa, tarehe ya kupakua na ufafanuzi kwa maneno ya mzalishaji mwenyewe. Kisanduku kitupu usikijaze sifuri, kwa kuwa kukosekana kwa takwimu si sawa na kutokuwepo kwa kitu. Kisha jumlisha safu moja na ulinganishe na jumla iliyochapishwa. Ukipata mara mbili ya jumla hiyo, huenda umejumlisha na mstari wa jumla wenyewe.