Kabla hujashika kisu: mipira ya kueka chini kwenye banda la farasi

Nyie mnaofuga farasi huku Unguja, Nungwi mpaka Paje, naona wengi mumeanza kutaka kueka mipira chini kwenye mabanda, yaani yale mazulia mazito ya mpira, na nnafurahi kweli, maana farasi anaesimama masaa na masaa kwenye saruji tupu miguu yake ndio inayoumia. Ila kabla hujatoa pesa tizama kwanza sakafu. Mpira haunyooshi kitu, penye shimo utazama na mkojo utajikusanya hapo chini, na ile harufu inayokuchoma macho ndio hiyo hiyo inayomuumiza farasi mapafu, kwahivyo kama chini ni mchanga mtupu chimba, mwaga kifusi, juu yake vumbi la kokoto, mwagia maji kidogo, shindilia, tena na tena mpaka kisigino hakiachi alama. Pima maji, ile ya kuangalia usawa, usiiache nyumbani, na eka mteremko mdogo tu, kama sentimita 2 kwa kila mita, uelekee mlangoni au kwenye mfereji. Hii imalize kabla masika haijaingia, udongo ulolowa chepechepe haushindiliki.

Kupima nako usipime pahala pamoja ukaridhika. Kuta zetu hizi za mawe hazijanyooka, pima upana mbele, katikati na nyuma, halafu pima kona kwa kona, vipimo viwili visipolingana ujue banda limekwenda upande na mpira wa ukutani lazima ufuate ukuta. Banda la futi 12 kwa 12 linakula mipira 6 ya futi 4 kwa 6, ile minene ya robo tatu inchi, na mmoja unafika kama kilo 45, tafuta watu wa kukusaidia mapema pamoja na koleo za kubana za kuivutia, vidole peke yake havishiki. Penye nguzo kata boksi la karatasi kwanza lifuate umbo la nguzo, likikaa sawa ndio uchore kwenye mpira kwa chaki.

Jengine ni jua, na hapa watu wengi hawazingatii kabisa. Mpira ulokaa juani unatanuka, ukiupima na kuukata saa saba mchana ukija usiku umeshapungua na upenyo upo wazi, ulaze kivulini usiku kucha ukate asubuhi mapema, na ubakishe nafasi ya kama nusu sentimita ukutani. Kisu cha kukatia mazulia kinatosha, ila nunua nyembe zake nyingi maana makali yanakwisha haraka, juu eka ubao ulonyooka, chini ya mstari eka kipande cha mbao ili mpira ufunguke wenyewe, paka maji ya sabuni, pitisha kisu mara kadhaa bila kulazimisha. Anza kulaza ukuta wa nyuma uje mlangoni, mizima kwanza, vipande vidogo vipeleke pembeni asipozungukia farasi.

Maranda bado utayahitaji juu, mpira haunywi mkojo. Na kabla hujamrudisha farasi tembelea kila kona kwa miguu yako, inayonyanyuka hata kidogo itoe urekebishe chini siku ile ile, kwato ikishaipata haiiachi.