MAGAZIJUTO kwa mwanafunzi anayesahau hatua

Wanafunzi wengi wenye ugumu wa kujifunza hisabati wanaelewa hesabu, ila hatua zinawaponyoka katikati ya swali. MAGAZIJUTO, neno la kukumbushia mpangilio wa matendo (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa), huwasaidia, mradi usiwakaririshe tu.

Hatua ya 1: Neno lisubiri. Chukua 2 + 3 × 4. Mpe kokoto apange mafungu 3 ya kokoto 4, na kokoto 2 pembeni. Ahesabu zote: 14. Mwulize aliyepata 20 kwa kujumlisha 2 na 3 kwanza amezitoa wapi kokoto 6 za ziada. Akishaona kwamba 3 × 4 ni mafungu yaliyokwisha kufungwa, mpe neno.

Hatua ya 2: Atengeneze kadi kwa mkono wake. Mstari wa kwanza MA, wa pili GA na ZI, wa tatu JU na TO, kila mstari na mshale wa kutoka kushoto kwenda kulia. Usiuache mshale huo. Neno lenyewe lina mtego: kwenye 10 − 4 + 3, anayelifuata neno kwa neno hujumlisha 4 na 3 kwanza, akatoa, akapata 3. Jibu ni 9. Kwenye GA na ZI hakuna hatari hiyo. 6 × 8 ÷ 2 ni 24 hata ukianza kugawanya. Kwa hiyo mazoezi mengi yawe ya JU na TO.

Hatua ya 3: Kila tendo na mstari wake. Apigie mstari sehemu anayoifanya, sehemu nyingine ainakili chini kama ilivyo.

Hatua ya 4: Kadi ilale kifudifudi. Aandike herufi pembeni mwa karatasi kutoka kichwani, ndipo afunue kuhakiki. Rudia baada ya dakika kumi, kesho yake, na wiki inayofuata. Kusoma kadi mara ishirini hakufikii hapo.

Usimrundikie maneno mengine. Niliwahi kumpa mtoto matatu kwa wiki moja. Akaniletea MAGAZIJUTO kwenye swali la eneo la pembetatu. Kosa lilikuwa langu.

Hatua ya 5: Punguza kadi kidogo kidogo. Futa mishale, kisha mstari mmoja mmoja. Akianza kukosea, rudisha ulichofuta mwisho. Wapo wasioiacha kadi kabisa, nami siwanyang'anyi.