Kudai matunzo ya mtoto kwa baba anayevua dagaa Kigoma

Baba mwenye ajira ana karatasi ya mshahara. Mvuvi wa Kibirizi au Katonga hana, na akisema mahakamani "sina kitu" bila kupingwa, hakimu hana namba nyingine ya kushika. Kwa hiyo kabla ya kufungua maombi, kusanya namba.

Anza na mwalo, yaani ufukwe anakoshushia samaki. Je, yeye ndiye mwenye chombo au ni baharia anayesubiri mgawo wa mauzo ya mzigo? Mgawo unatoka kila asubuhi au giza (kipindi cha usiku usio na mbalamwezi) likiisha? Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka sana taa hazivuti kitu na vyombo vingi hubaki ufukweni. Ukihesabu siku 30 sawasawa utampa nafasi ya kukuumbua. Hesabu usiku aliotoka, giza kwa giza, kwa giza mbili au tatu. Mashahidi wazuri ni mwenye chombo, kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) na mchuuzi anayenunua mzigo wake. Watu wa mwalo mmoja hawapendi kumsema mwenzao, kwa hiyo iombe mahakama iwatolee hati ya wito. Akiitwa, mtu hana lawama kwa jirani.

Upande wa mtoto, tenga vya kila siku (unga, mboga, mafuta, sabuni) na vya msimu (sare, madaftari, matibabu), kisha ambatisha risiti. Usipandishe. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 mahakama huangalia kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha pale mtoto anapoishi, hivyo nawe utaulizwa biashara yako, kama una genge la mboga, inaingiza nini.

Mlango wa kwanza ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nenda na cheti cha kuzaliwa. Kama jina la baba halimo na anamkana mtoto, kumkiri hadharani ni ushahidi, na kipimo cha vinasaba pia. Afisa atamwita na mkikubaliana mtaandikiana, ila maandishi hayo hayana nguvu ya amri ya mahakama. Akiyapuuza, fungua maombi Mahakama ya Watoto.

Maneno ya amri yenyewe ndiyo ya kupigania. Tuseme mahitaji ni 90,000 kwa mwezi na fungu la baba ni 60,000. Omba iandikwe kwamba atalipa ndani ya siku kadhaa baada ya kila giza, kwa simu, kwenye namba yako. Fedha ya mkononi bila sahihi ni ugomvi wa kesho. Debe la dagaa akileta, lihesabiwe au lisihesabiwe? Liandikwe. Na ziwa likifungwa? Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Amri isiyotaja kipindi kama hicho inampa kisingizio cha miezi mitatu.

Matunzo hayasubiri talaka. Kama unataka na talaka, hiyo ni njia nyingine: kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la BAKWATA kwa Waislamu, likishindwa kuwapatanisha litoe hati ya kusema hivyo. Hati isizidi miezi sita siku ya kufungua shauri, na maoni ya baraza yawepo. Hati mbovu huangusha shauri zima hata baada ya kusikilizwa. Talaka aliyokuandikia mume nyumbani peke yake haitoshi kisheria. Ndoa ikiwa chini ya miaka miwili, omba kwanza kibali cha mahakama.

Mtoto wa chini ya miaka saba hudhaniwa afadhali akae na mama, lakini dhana hiyo hupingika. Kumzuia baba kumwona kwa sababu hajalipa kunakuharibia.

Asipolipa, rudi mahakama iliyotoa amri na maombi ya kukaza hukumu (kumlazimisha aitekeleze), ukiambatisha orodha: giza lipi, kilichotakiwa, kilichoingia, kilichobaki. Meseji za malipo zichapishe mapema, simu huibiwa.