Rehani, nanaa na dania katika ua wa Lamu

Kinachoua majani ya kunukia Lamu mara nyingi si jua, ni chumvi. Maji ya kisima yakiwa na chumvi, ncha za majani ya nanaa hugeuka kahawia kama zilizobabuliwa, na mwenyewe akidhani ni kiu huzidisha maji yale yale. Kinga maji ya mvua wakati wa masika. Ukiyapata maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mwagia mengi mpaka yachuruzike chini ya chungu, chumvi iondoke nayo.

Mchanga mtupu haushiki maji. Kwa kila makopo mawili ya mchanga, tia kopo moja la samadi ya punda, ambayo mitaani haikosi. Iwe imeoza miezi mitatu. Mbichi huunguza mizizi.

Mrehani usihangaike na mbegu. Kata kijiti cha sentimita 12 chini kidogo ya kifundo, pukutisha majani ya chini, kitie katika glasi ya maji kivulini. Siku 10 hivi utaona mizizi myeupe. Vishada vya maua vikate mapema, la sivyo majani huwa madogo. Labda uache viwili vitatu vya kikuba, kile kifungu cha maua na majani ya kunukia wanachojipamba wanawake.

Giligilani ya dukani, yaani mbegu ya dania, huota ikiwa si kuukuu. Iponde kidogo, kila punje igawike mbili, iloweke usiku kucha, uifukie sentimita 1 pale pale itakapokulia. Joto la kaskazi huipandisha maua upesi, kwa hivyo panda kidogo kila wiki tatu, kivulini.

Nanaa ipe chungu chake. Hutambaa.