Mvua ya Lubumbashi kwenye Open-Meteo: angalieni saa

Mnaochota utabiri kutoka Open-Meteo (huduma ya hali ya hewa mtandaoni) kwa Python na requests (maktaba ya kuchota data mtandaoni), anzeni na alama ya kutoa. Lubumbashi ni latitude -11.66, longitude 27.48. Ukisahau hiyo alama, programu hailalamiki hata kidogo: inakuletea hali ya hewa ya Sudan, na utashangaa kwa nini Januari haina mvua.

Kisha timezone (saa za eneo). Usipoiandika, saa zote zinakuja kwa GMT. Wengi huandika Africa/Kinshasa kwa sababu ndiyo mji mkuu, lakini Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Andika Africa/Lubumbashi (Goma na Bukavu pia wanaitumia), halafu hakikisha jibu lina utc_offset_seconds (tofauti na GMT kwa sekunde) ya 7200. Ikiwa 3600, umekosea.

Ndani ya hourly (sehemu ya jibu yenye data za kila saa), time (saa) na precipitation (mvua) ni orodha mbili sambamba, saa 168 kwa siku 7. Ziunganishe kwa zip() ya Python, ili kila saa ipate mvua yake. Hapa ndipo watu huteleza: milimita zilizo kwenye 15:00 ni za saa iliyopita, yaani mvua ya kati ya saa nane na saa tisa mchana. Anayetaka kujua lini afunike matofali mabichi asisubiri 15:00.

Nafasi tupu huja kama None (Python ikimaanisha hakuna thamani), na sum(), ya kujumlisha, inagoma papo hapo. Ziruke, usizigeuze sifuri: kukosa data si ukame.